Mtu wa Mashua

Mwaka ule wa 1995 nilikuwa na miaka ishirini na sita, mwalimu wa darasa la nne katika shule moja karibu na Kanyakine, huko Meru, na nilikuwa mwongo. Sikujiona hivyo. Nilijiona msichana mwenye mapenzi aliyeupunguza ukweli kidogo tu ili mambo yaende.

Mchumba wangu aliitwa Nthiga. Tulijuana Embu mjini, mimi nikisomea ualimu na yeye akisomea upishi. Alikuwa wa kabila la Wambeere, kutoka Siakago upande wa Embu, mrefu, mpole, asiye na maneno mengi. Akicheka alikuwa akifunika mdomo kwa kiganja, na mimi nilizoea kukiondoa kile kiganja ili nimwone. Alipopata kazi Pwani aliniandikia kila baada ya wiki mbili na hakunificha kitu. Kwanza aliniambia anaosha sufuria katika hoteli moja ya Diani. Mwaka uliofuata akaniambia ameacha jikoni, sasa yuko Shimoni kwenye mashua za injini zinazowapeleka watalii visiwani.

"Ninabeba wageni na mizigo yao," aliandika. "Watu wengine wanaweza kuona si kazi kubwa, lakini ninaipenda. Nahodha amesema nikikaa mwaka atanifundisha kuendesha."

Barua hiyo niliisoma mara tatu. Kisha nikaenda kwa baba nikamwambia Nthiga amepanda cheo. Amekuwa meneja msaidizi wa hoteli.

Baba yangu, Mzee Kiambi, alikuwa amemkataa Nthiga kwa miaka miwili. Mama alifariki nikiwa mdogo, baba akanilea peke yake, na kila shilingi ya karo yangu ilitoka kwenye kahawa yake. "Sina ubaya na Wambeere," alikuwa akisema, "lakini sikukusomesha ukaolewe na mtu wa kuosha sufuria." Siku niliyomwambia habari ya umeneja, aliweka kikombe chini.

"Meneja wa hoteli ya wazungu?"

"Ndiyo, baba."

"Basi waambie waje tuwasikie."

Wiki hiyo hiyo kiwanda chote cha kahawa kilikuwa na habari kwamba mkwe wa Kiambi ni meneja Mombasa. Shuleni nako nilisema vivyo hivyo, kwa sababu uongo ukishautoa nyumbani huwezi kuuacha mlangoni. Siku ikapangwa: Jumamosi ya pili ya Desemba, Nthiga angekuja na wazee wake kuanza mazungumzo ya mahari.

Agosti walimu wa shule yetu tulikwenda kutembea Mombasa. Tulikuwa tumechanga mwaka mzima kwa ajili ya siku nne. Wengi wetu hatukuwa tumewahi kuiona bahari. Nilijua hatutafika Shimoni. Ratiba ilikuwa ni Fort Jesus, feri, na siku moja ya kuogelea Bamburi. Sikumwandikia Nthiga kwamba nakuja. Nilijidanganya kwamba nitamshtua siku nyingine.

Jioni ya siku ya pili mwalimu mkuu alitukuta mezani akiwa amejaa furaha. Mwenye nyumba ya wageni tulimolala alikuwa amemwambia kwamba mtu anaweza kutoka Mombasa alfajiri, avuke feri, ashuke mpaka Shimoni, apande mashua aende kisiwa cha Wasini, aone pomboo, ale kaa, na arudi mjini kabla ya chakula cha jioni. Walimu walipiga meza kwa vijiko. Nami nilipiga. Nilijiambia mashua ni nyingi kule. Haiwezi kuwa yake.

Ilikuwa yake.

Kesho yake, pale Shimoni, nilimwona kabla hajaniona. Alikuwa amevaa kaptura ya buluu iliyopauka, miguu mitupu, amebeba kreti ya soda begani. Aliponiona aliiweka kreti chini taratibu, na uso wake wote ukafunguka. Alipiga hatua mbili kuja kwangu. Mimi nikageuka, nikaanza kufunga kitambaa changu cha kichwa ambacho hakikuwa kimefunguka.

Hakupiga hatua ya tatu.

Njia nzima hakuninenea neno. Pomboo walipotokea walimu walipiga kelele kama watoto, na naibu wa mwalimu mkuu, Madamu Felicitas, alinishika mkono akaniambia nitazame, nitazame. Nilitazama. Sikumbuki hata rangi yao.

Tulipofika Wasini maji yalikuwa yametoka, bahari imekupwa. Mashua ilisimama mbali na nchi kavu, maji yakiwa ya mapajani na chini yake mawe makali ya matumbawe. Nahodha akasema wanaume wavue viatu washuke polepole, na kina mama watabebwa mgongoni na vijana wake. Ilikuwa kicheko kitupu. Felicitas, ambaye alikuwa na mwili, alisema anamhurumia atakayempata. Nthiga ndiye aliyempata. Alimbeba bila shida, akamfikisha, akarudi. Felicitas akapaza sauti kutoka ufuoni.

"Kijana, wewe si mtu wa huku! Kiswahili chako ni cha kwetu. Unatoka wapi?"

"Siakago, mama."

"Siakago? Ya Embu? Makandi! Si meneja wako pia ni wa Siakago? Huyu si mnajuana?"

Walimu wote waligeuka. Wengine walikuwa ufuoni, wengine bado wameketi kwenye mashua nami. Nthiga alikuwa amesimama majini mbele yangu, kichwa chake kikiwa chini kidogo ya magoti yangu. Aliposikia neno meneja aliinua macho, akanitazama. Nilielewa kwamba ameniachia mimi nijibu, na kwamba chochote nitakachosema atakikubali.

"Madamu, Siakago ni kubwa," nikasema. "Nitajua kila mtu wa huko?"

Watu wakacheka. Nthiga aliinamisha macho.

"Ni kweli," akasema. "Siakago ni kubwa."

Kisha akanigeuzia mgongo. "Panda, mwalimu."

Nikapanda. Nilikuwa nimeota mara nyingi kumshika tena baada ya miezi minane bila kuonana, na sasa nilikuwa nimemshika shingo mchana kweupe mbele ya watu kumi na saba, kama mzigo. Shati lake lilikuwa limelowa chumvi. Alitembea taratibu, akipapasa kwa nyayo kabla ya kukanyaga. Mahali pamoja aliteleza, nikahisi misuli yake ikikaza asiniangushe. "Shika vizuri," alisema kwa sauti ya chini. "Hapa kuna mawe."

Alinishusha kwenye mchanga mkavu.

"Asante," nikasema, kama ninavyomwambia mtu aliyenishikia mlango.

"Karibu kisiwani, madamu."

Chakula kilipoletwa sikuweza kula. Felicitas alinisogelea akaninong'oneza, "Lakini yule kijana ni mzuri wa sura, hata kama kazi yake ni ya kubeba watu." Akacheka. Na mimi, Mungu anisamehe, nikacheka naye. Wakati wa kurudi alinibeba kijana mwingine. Nthiga alikuwa nyuma kwenye injini, ameipa mashua mgongo.

Barua zake zikakoma. Mimi niliandika mbili, zote za kuuliza kama amekasirika. Septemba ikaisha bila jibu. Darasani nilikuwa nikiandika ubaoni nasahau ninachoandika, watoto wakinikumbusha. Wenzangu walikuwa bado wanasimulia safari, kaa walivyokuwa wakubwa, pomboo walivyoruka, na kila hadithi ilipofika kwenye kubebwa nilitoka kwenda kuangalia kitu nje.

Nthiga alikuwa ameniambia zamani kwamba Oktoba angechukua likizo kumlimia mama yake mvua ikianza. Nilipoona mawingu upande wa chini, nikaomba ruhusa ya Ijumaa, nikateremka Siakago.

Mama Cicily, mama yake Nthiga, alikuwa ameketi mbele ya nyumba akichagua mbegu za ndengu kwenye ungo, pamoja na jirani yake Wawira. Alikuwa amenipokea mara mbili hapo nyuma na siku zote alinipenda bila masharti. Aliponiona aliinuka, mbegu zikamwagika.

"Makandi! Mwanangu! Wawira, si nilikuambia atakuja? Ndiye huyu aliyebebwa!"

Nilisimama nikiwa nimemshika mkono.

"Nthiga ametusimulia yote," akaendelea, akinivuta niketi. "Ati mlikuja na walimu wenzako, maji yakawa yametoka, na wewe ukaogopa mawe. Akaniambia, mama, nilimbeba mbele ya walimu wote, na walimu wakapiga makofi! Nimecheka mpaka machozi. Mimi baba yake hakunibeba hata kunivusha mto, tena mto ukiwa umejaa."

"Walipiga makofi kweli?" Wawira akaniuliza.

Mama Cicily alikuwa akinitazama kwa furaha kiasi kwamba singeweza kumwambia. "Walipiga," nikasema.

Ndipo nilipojua kwamba aibu haijui kushiba. Ukiilisha uongo mmoja inaomba mwingine.

Nilimkuta Nthiga shambani chini, akilima kwa ng'ombe wawili. Udongo mwekundu ulikuwa bado na unyevu wa mvua ya kwanza. Aliniona nikija tangu mbali, lakini alimaliza mstari kabla ya kusimamisha wanyama.

"Umefika," alisema.

"Nimefika."

"Umekula?"

"Nthiga, sikuja kula. Nilikuandikia barua mbili."

"Nilizipata."

"Hukujibu."

"Ziliniuliza kama nimekasirika. Sikujua nijibu nini, kwa sababu sikuwa nimekasirika."

"Ulikuwa nini?"

Aliokota kijiti akaanza kukwangua udongo kwenye plau.

"Niliona haya," akasema. "Ile kazi nilikuwa ninaipenda, Makandi. Nilikuwa nikiamka asubuhi kabla ya wengine ili nioshe mashua. Nahodha ameanza kunipa usukani tukitoka nje ya miamba. Sikuwahi kujiuliza kaptura yangu inaonekanaje. Lakini siku ile nilijiona vile wewe ulivyoniona, na tangu hapo siwezi kujiona vingine. Mgeni akiniita kijana, ninashtuka."

Nilitamani anitukane. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, nimeyatungia majibu njia nzima.

"Nisamehe," nikasema.

"Kwa lipi?"

"Kwa kusema sikujui."

"Hukusema hunijui. Ulisema Siakago ni kubwa."

"Si ni kitu kimoja?"

"Si kimoja. Mtu akisema simjui huyu, ni woga umemshika, anaweza kusamehewa kabla hajamaliza kusema. Lakini lile la Siakago ulilifikiria. Ulilitafutia maneno mazuri ili watu wacheke."

Ng'ombe mmoja alipiga kwato. Nthiga akampapasa shingoni mpaka akatulia. Kisha akaniuliza, bila kunitazama, "Na meneja ni nani?"

Nikamwambia. Nilimwambia siku niliyopata barua yake, kikombe cha baba, kiwanda cha kahawa, chumba cha walimu. Nilijaribu kusema nilifanya vile kwa ajili yetu sote wawili, lakini neno hilo liliniishia mdomoni.

"Kwa hivyo baba yako alinikubali mimi, au alimkubali meneja?"

"Meneja."

"Basi Desemba aje meneja."

"Nthiga, usiseme hivyo."

"Niseme nini? Niazime suti? Mjomba wangu Munyi aketi mbele ya wazee wenu aseme huyu kijana wetu anaendesha hoteli? Mjomba hajui kudanganya hata akiuza mbuzi. Na tukishaoana, baba yako akitaka kuja kuona hoteli ya mkwe wake, nitamwonyesha nini? Nitamwazimia pia?"

Nililia. Yeye hakunisogelea, na nilijua kutosogea kwake kulimgharimu, kwa sababu mikono yake ilikuwa imekishika kile kijiti mpaka kikavunjika.

"Kwa nini ulimwambia mama yako walimu walipiga makofi?"

"Nilitaka kuwe na mtu mmoja anayeifurahia siku ile," alisema.

"Bado unanipenda?"

"Ninakupenda. Hiyo haijawahi kuwa taabu yetu." Sasa alinitazama, kwa mara ya kwanza tangu kisiwani, na macho yake yalikuwa mekundu kama yangu. "Lakini siwezi kukaa na mtu anayenificha. Nikiwa mgonjwa utanificha. Nikikosa kazi utanificha. Watoto wakiuliza baba yetu anafanya nini, utawatafutia jibu."

"Niambie nifanye nini. Nitafanya."

"Hapana. Nikikuambia, utafanya kwa sababu yangu. Halafu siku moja utanilaumu." Alishika mikono ya plau. "Kesho kutwa ninarudi Shimoni. Sitakuja Desemba mpaka nisikie kwamba anayengojewa kwenu ni mimi."

Akawaamuru ng'ombe, wakaenda.

Nilipopanda kurudi nyumbani kwao, Wawira alikuwa bado yupo. Ningeweza kungoja aondoke. Miguu ilitaka kungoja. Nikaketi chini mbele ya Mama Cicily, ungo ukiwa kati yetu, nikasema, "Mama, haikuwa vile Nthiga alivyokuambia. Wala vile nilivyokuambia mimi."

Nikamwambia yote. Wawira aliaga katikati ya maneno, akasema amesahau moto. Mama Cicily hakuinua kichwa. Vidole vyake viliendelea kuchagua, ndengu nzima huku, iliyotobolewa huku, mpaka nikamaliza.

"Kumbe hawakupiga makofi," akasema.

"Hawakupiga, mama."

"Na yeye alinidanganya."

"Hakutaka uumie."

"Na wewe uliponiambia walipiga?"

"Mimi niliona haya."

Alitikisa ungo, makapi yakaruka. Kisha akaingia jikoni akaniletea sahani ya kunde na mahindi, akaniwekea maji ya kunawa.

"Kula," akasema. "Mgeni haondoki hapa na njaa."

Nilipofika aliniita mwanangu. Sasa nilikuwa mgeni. Nilikula chakula chote, kila punje, na sijawahi kula chakula kigumu kumeza kama kile.

Jumamosi asubuhi nilimkuta baba kwenye kahawa, ameshika tawi, akichuma zile zilizoiva na kuacha mbichi. Sikumwita nyumbani. Nilisema palepale, nikiwa nimesimama kwenye mstari wa pili, majani yakiwa kati ya uso wangu na wake.

Hakunikatiza. Nilipomaliza aliuliza swali moja tu. "Tangu lini?"

"Tangu Januari."

"Miezi kumi." Alimwaga kahawa ya mkononi kwenye kikapu. "Miezi kumi nimekuwa nikisimama kiwandani nikisema mkwe wangu ni meneja. Wakati mwingine hata sikuulizwa. Nilikuwa nikisema tu."

"Najua, baba."

"Hujui. Kuna siku pale kiwandani mkulima mwenzangu Kathuri aliniambia binti yake ameolewa na fundi wa baiskeli, nikamwonea huruma. Nilimwonea huruma mbele ya watu."

Sikuwa nimewahi kumwona baba akiona haya. Uso wake ulizeeka pale pale. Nilikuwa nimedhani uongo wangu ni wa kwangu peke yangu. Kumbe nilikuwa nimempa avae, akatoka nao nje kwa kiburi.

"Nitawaambia nini?" akauliza, na hakuwa akiniuliza mimi hasa.

"Nitawaambia mimi."

Alinitazama. Aliinua gunia lake begani, nami nikachukua la pili, tukaenda.

Kiwandani wakulima walikuwa wengi kama kawaida ya Jumamosi ya msimu. Wanawake walikuwa wameketi juu ya magunia yaliyotandazwa, wakichagua kahawa kabla ya kupima, mbichi na zilizooza kando. Mashine ilikuwa ikinguruma. Niliweka gunia chini. Nilikuwa nimedhani nitaongea na mzee mmoja mmoja, polepole, lakini nilipomwona Kathuri ameketi kwenye benchi na baba akipita bila kumsalimia, sauti ilinitoka yenyewe.

"Samahani. Ninataka kusema kitu."

Karani wa mizani aliinua kichwa. Mimi ni mwalimu. Nimezoea kusimama mbele ya watu hamsini. Niliinua sauti ipite ile ya mashine.

"Baba yangu amewaambia kwamba nimechumbiwa na meneja wa hoteli. Ni mimi niliyemdanganya. Anaitwa Nthiga, ni wa Siakago, na anafanya kazi ya mashua huko Shimoni. Anabeba watalii na mizigo yao. Sasa anafundishwa kuendesha. Tulipokwenda kutembea na walimu nilimkuta kazini, wenzangu wakaniuliza kama ninamjua, nikamkana. Yeye hana kosa, na baba hana kosa."

Mtu mmoja alicheka huko nyuma, akanyamaza alipoona hakuna anayemfuata. Mashine iliendelea kunguruma. Mwanamke mmoja aliyeitwa Gatwiri, ambaye watoto wake wawili walikuwa darasani kwangu, alinitazama kwa namna ambayo nitaikumbuka: si kwa hasira, bali kama mtu anayefikiria upya kila kitu nilichowahi kumwambia kuhusu watoto wake.

"Jumatatu utawaambia na walimu?" akauliza.

"Nitawaambia."

"Haya." Alisogea kidogo kwenye gunia lake. "Kaa basi. Hii kahawa haijichagui."

Nikakaa. Nikainama, nikachagua, machozi yakidondoka kwenye kahawa, na hakuna aliyenibembeleza. Nilipoinua macho, baba alikuwa amesimama mbele ya benchi la Kathuri, kofia mkononi. Sikusikia alichosema. Nilimwona tu Kathuri akimpisha nafasi aketi.

Jumatatu niliwaambia walimu wakati wa chai. Hilo sitalisimulia lote. Felicitas aliweka kikombe, akakumbuka maneno aliyoninong'oneza kisiwani, akashika mdomo. "Na ukacheka na mimi," akasema. Tangu siku hiyo aliniheshimu kazini, lakini hakunishika mkono tena kama zamani, na sikumlaumu.

Wiki mbili zilipita baba hajalitaja jina la Nthiga. Nilipika, tukala, akasikiliza redio, akalala. Usiku mmoja wa Novemba, nikikusanya vyombo, alisema akiwa ameangalia mlango:

"Huko baharini, akiendesha hiyo mashua, anabeba watu wangapi?"

"Kama ishirini, baba."

"Na hawazami?"

"Hawajawahi."

Akaitikia kwa kichwa. Akavua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa tena. "Mwandikie. Mwambie Desemba huku mvua hunyesha mchana na barabara inakuwa mbaya. Waje mapema."

Nilikaa na karatasi mpaka taa ya mafuta ikaanza kufifia. Niliandika "Mpenzi wangu", nikaikata. Sikuwa na haki ya neno hilo. Niliandika jina lake tu, Nthiga, na chini yake nikamweleza kiwanda, chumba cha walimu, na maneno ya baba jinsi alivyoyasema. Mwisho nikaandika: "Hapa anangojewa mtu wa mashua. Ukiona huwezi tena kuja, nitaelewa, na mama yako umwambie nilikula chakula chake chote."

Jibu halikuja. Novemba ikaisha. Ijumaa ile ya Desemba nilisafisha nyumba kama mtu anayesafisha kwa sababu hana jingine la kufanya. Baba alichinja jogoo bila kuniambia kwa nini.

Jumamosi walifika saa mbili na nusu asubuhi, kabla hata chai haijachemka. Wazee wetu walikuwa hawajafika. Nilisikia mbwa akibweka, nikachungulia kutoka jikoni: mzee Munyi na fimbo yake, Mama Cicily na kikapu, na nyuma yao Nthiga, amevaa shati jeupe na suruali iliyopigwa pasi, viatu vimejaa matope kwa kutembea kutoka barabarani. Baba alitoka nje, akampa mkono.

"Wewe ndiye Nthiga wa Shimoni?"

"Ndiye mimi, mzee."

"Karibu. Mmekuja mapema."

"Mlituambia tuje mapema."

Mama Cicily alikuja jikoni kwanza. Aliweka kikapu chini, akanitazama nilivyokonda. "Sijasahau," akasema. Kisha akachukua kisu kutoka mkononi mwangu akaanza kumenya viazi.

Nthiga alisimama mlangoni. Mwanga ulikuwa nyuma yake. Aibu ilinipanda upya, mbichi kama siku ya kwanza, nikabaki nikitazama matope kwenye viatu vyake.

"Nimekuja," alisema.

Sikuweza kuinua kichwa. Nilimsikia mama yake akimenya, baba akivuta viti nje, na Nthiga hakuondoka wala hakunena tena. Alisimama palepale, akangoja, mpaka nikamtazama.